Kutafuta Baga Shambaai

"Baga ipo, kaka," kijana wa hoteli aliniambia, "na nyama yake inatoka Dar."

Alisema kwa fahari, kama anayenitoa wasiwasi. Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Julai, katika hoteli moja ya Lushoto ambayo jina lake nitalihifadhi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ngazi za baraza, na mimi, mtu wa joto, nilikuwa nimevaa koti na juu ya koti nimejitanda khanga ya mke wangu bila aibu. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na banda la ng'ombe wawili wanaotafuna matete. Mmoja aliinua kichwa akanitazama. Nikaagiza.

Baada ya dakika arobaini baga ikaja, na kwa macho haikuwa na kasoro. Skonzi inang'aa, kijiti cha meno kimesimama katikati kama mlingoti, saladi imechomoza pembeni ikiwa bado na matone ya maji. Nilipouma, meno yalipita kwenye mkate vizuri, yakapita kwenye nyanya, kisha yakagota. Nyama ilikuwa duara kamili, unene mmoja pande zote, kijivu ndani na nje, na ilikuwa na ladha ya friji. Niliitafuna muda mrefu nikiwaza mambo mengine. Saladi ilikuwa tamu kuliko nyama, na mla baga akianza kuisifu saladi ujue mambo yameharibika.

Bei yake ilikuwa sawa na kilo nzima ya steki pale sokoni.

Kilichoniuma zaidi si bei. Mimi nimeoa Lushoto, kwa hiyo barabara ya kupanda kutoka Mombo naijua kwa kona zake. Ni kilomita kama 33 za lami nyembamba, mwamba mkono huu na korongo mkono ule, unapita Soni penye maporomoko, na masikio yanaziba njiani kwa sababu mji wenyewe uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda jioni utapishana na malori yanayoshuka yakiwa yamejaa kabichi, karoti, nyanya, hoho, viazi na, kwa msimu wake, matunda damu, mapeasi na mapichesi, yote yakikimbilia Dar es Salaam kuwahi soko la alfajiri. Sasa niambie: katika barabara hiyohiyo, lori la saladi linashuka na boksi la nyama iliyoganda linapanda, yanapishana konani na kupigiana honi, kisha yanakutana tena kwenye sahani yangu.

Basi nikaapa kwamba likizo ile sitaondoka Lushoto bila kula baga ya kweli, iwe ya hotelini au ya nyumbani.

Pa kuanzia palikuwa kibanda cha chipsi karibu na stendi, ambako maandishi ya rangi ukutani yanatangaza baga kati ya chipsi mayai na mishikaki. Kijana wa kibandani alipasua skonzi, akaweka soseji iliyochanwa katikati, yai la kukaanga, kabichi iliyokatwa nyembamba, na tomato sosi ya kutosha kupaka ukuta. Sikulalamika. Haikuwa baga, lakini mwenyewe alijua anachokifanya, ilikuwa ya moto, na wanafunzi wawili wa chuo waliokuwa pembeni yangu walikula tatu tatu. Nilijaribu pia sehemu mbili nyingine za wageni. Moja waliniambia mpishi wa baga yuko likizo, kana kwamba ni daktari bingwa. Nyingine walileta kitu ambacho naamini kilikuwa pacha wa kile cha kwanza, kutoka boksi lilelile.

Ikabaki nyumbani, na nyumbani maana yake ni jiko la mama mkwe.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja kabla ya kuruhusu sufuria zake ziguswe. Kuna kijana wa ukoo aliyesomea hoteli ambaye aliwahi kumwambia kwamba "ham" kwa Kizungu ni paja la nguruwe. "Sasa hiyo hambaga yako, baba, ni halali?" Swali la maana, na najua si yeye peke yake analo. Jina halina uhusiano wowote na nguruwe. Linatokana na Hamburg, mji wa bandari wa kaskazini mwa Ujerumani. Hambaga ni kitu cha Hamburg, kama ambavyo embe dodo la Tanga ni la Tanga.

Na hapo ndipo nilipogundua kwamba Lushoto na Hamburg si wageni kabisa. Kampuni ya meli iliyoitwa Deutsche Ost-Afrika-Linie ilianzishwa huko Hamburg mwaka 1890, na kazi yake ilikuwa kuleta watu na mizigo kwenye pwani yetu, Tanga ikiwemo. Kutoka Tanga Wajerumani walianza kujenga reli mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, na kutoka Mombo wakapanda huku juu kukimbia joto na malaria. Mji waliouita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm, ndio Lushoto ya leo. Kwa hiyo wapo walowezi waliopanda meli Hamburg na kushukia Tanga, wakaja kukaa mlima huu, tena wakati uleule ambapo ndugu zao wengine walipanda meli Hamburg hiyohiyo kuelekea New York.

Walioelekea New York ndio waliotuletea baga. Wale wa Wilhelmstal, kama walisaga nyama, naamini walipika kile ambacho kwao kinaitwa Frikadelle: nyama ya kusaga inayochanganywa na yai, kitunguu na mkate uliolowekwa, ikakaangwa. Nilipomweleza mama hilo alicheka. "Hiyo si kababu?" Ni kababu hasa, imepungukiwa giligilani tu. Kule Marekani katika karne ya 19 migahawa ilikuwa inauza nyama ya kusaga kwa jina la steki ya Hamburg, kwenye sahani, kwa uma na kisu. Nani aliibana ndani ya mkate kwa mara ya kwanza ni ugomvi usiokwisha. Miji kadhaa inadai. Mgahawa wa Louis' Lunch wa New Haven unadai mwaka 1900, na mpaka leo unaitia kwenye vipande vya mkate wa kawaida uliobanikwa. Mwaka 1921 White Castle walianza kuiuza Wichita, Kansas, kwa mtindo wa maduka yanayofanana. Ndugu wawili wa ukoo wa McDonald walifungua mgahawa wao San Bernardino, California, mwaka 1940, wakaugeuza mwaka 1948 uende kwa kasi ya kiwanda. Ray Kroc akajiunga nao na kufungua tawi lake la kwanza mwaka 1955. Mengine dunia nzima inayajua.

Dunia nzima, lakini kwa picha. McDonald's haina mgahawa Tanzania. KFC walifika Dar es Salaam mwaka 2013, lakini wale ni watu wa kuku. Wengi wetu tuliiona baga kwenye filamu na mabango miaka mingi kabla ya kuiweka mdomoni, na nadhani wapishi wetu wengi wa hoteli nao walijifunza hivyohivyo. Ndiyo maana baga zetu zinapendeza kupigwa picha. Skonzi inang'aa na saladi inachomoza kwa sababu kwenye picha vinaonekana, na nyama, ambayo kwenye picha ni mstari mwembamba tu wa kahawia, haikuhojiwa na mtu.

Jaribio letu la kwanza la nyumbani liliharibika kwa utamu. Nilinunua nusu kilo ya nyama, nikaisaga, nikaiacha kwenye bakuli nikaenda kutafuta mkaa. Niliporudi, mama alikuwa amekwisha isaidia. Ndani kulikuwa na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, giligilani, yai, chumvi, na boflo iliyolowekwa ikakamuliwa. Alikuwa anaikanda kwa mkono wote, kama unga wa chapati. Tulikaanga, tukaweka kwenye skonzi, watoto wakala mpaka wakalamba sahani. Nilipojaribu kueleza kwamba hii si baga, mama aliniuliza, "Sasa hii ina kosa gani?" Sikuwa na jibu, na kwa kuwa ni mama mkwe sikulitafuta.

Tofauti ipo, hata hivyo, na iko kwenye chumvi na mkono. Ukitia chumvi kwenye nyama ya kusaga kisha ukaikanda, chumvi inaiyeyusha ile protini ya nyama mpaka inakuwa gundi. Kababu inaitaka gundi hiyo, maana bila yake itasambaratika kwenye mafuta. Soseji vilevile. Baga haiitaki. Baga inataka nyama ikae kwa ulegevu, nyuzi kwa nyuzi, ili ikiumwa iachie, na chumvi inyunyiziwe juu dakika ileile inapoingia kikaangoni. Kwa hiyo kwenye jaribio la pili niliwazuia wote jikoni. Nilinunua steki safi kabisa, isiyo na mfupa wala ukano wala uzi wa mafuta, nyekundu kama tofali. Sikuikanda. Sikuitia chumvi mapema. Ilitoka imekauka kama bango la hoteli, na paka alishukuru.

Asubuhi iliyofuata, siku ya gulio, nilikwenda bucha mwenyewe, kabla jua halijatoka vizuri. Siku ya gulio Lushoto mtu hapiti kwa haraka. Akina mama wameshuka kutoka vijijini na matenga ya karoti ambazo bado zina udongo mwekundu, kuna mafungu ya viazi, kuna miwa, kuna magimbi, kuna sauti ya Kisambaa inayopanda na kushuka kama mlima wenyewe. Bucha ninaloliendea liko pembeni, chumba kimoja chenye wavu dirishani, gogo la mti lililolika katikati kama kitanda cha zamani, mizani, na nyama imening'inia kwenye ndoano. Mwenye bucha ananiita shemeji, kama anavyoniita nusu ya mji huu tangu nilipotoa mahari.

"Steki au mchanganyiko, shemeji?"

Hayo ndiyo madaraja mawili ya nyama katika bucha zetu, na kila Mtanzania anayajua: steki ni nyama tupu, mchanganyiko ni nyama na mifupa na chochote ambacho panga litakutana nacho. Nikamwambia nataka ya kusaga, nikamweleza na msiba wangu wa jana. Alisikiliza huku anafuta kisu kwenye aproni.

"Shemeji, ulisaga steki tupu?" Aliuliza kama anayeuliza kama nilifua shati kwa soda. "Hiyo lazima ule mchanga. Ng'ombe huyu katembea. Katoka nyika na miguu yake, anakula majani, mafuta atayatoa wapi kwenye steki?" Kisha akanyoosha kisu juu, kwenye ndoano ya mwisho, ambako kulikuwa na kipande cha nyama chenye umbo la ngumi kubwa, kimeviringwa na mafuta ya rangi ya siagi. "Mafuta yake yako pale."

Ilikuwa nundu.

Nilisimama pale kama mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima kumbe ameivaa. Wapishi wa Marekani wanaosaga nyama ya baga hutaka, katika kila sehemu tano, sehemu nne ziwe nyama na moja iwe mafuta. Wanaipata kirahisi kwa sababu ng'ombe wao hunenepeshwa kwa mahindi, na mafuta hujipenyeza ndani ya nyama yenyewe kama mishipa kwenye jani. Zebu, ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, hana hayo. Ni mdogo, anaishi kwa majani, anatembea siku nzima kutafuta maji, na akiba yake yote anaiweka sehemu chache, ya maana kuliko zote ikiwa mgongoni. Nundu si donge la mafuta matupu kama watu wengi wanavyodhani. Ni msuli, na mafuta yamepenya ndani yake nyuzi kwa nyuzi. Rangi yake ya manjano inatokana na majani mabichi anayokula. Wanaoipenda nyama choma wanaijua nundu siku nyingi na huiwekea oda. Ni mimi na wapishi wa hoteli ambao hatukuwa na habari.

Tukakubaliana sehemu tatu za bega na moja ya nundu. Alivichanganya juu ya gogo, akavikata vidogo kama vya mchuzi, akavitia kwenye mashine ya kusagia ya mkono iliyobanwa pembeni ya meza, rangi yake imechubuka mpaka chuma kinaonekana. Alizungusha mpini taratibu. Nyama ilitoka kwenye matundu kama minyoo myekundu yenye madoa meupe, ikaangukia kwenye sinia bila kushikana. Kila mara mashine ilipokwama alirudisha mpini nyuma nusu mzunguko, akasikiliza, akaendelea. Akanikatalia kuisaga mara mbili. "Ukirudia inakuwa uji."

Nilimuuliza ng'ombe wa nundu anapatikana wapi, maana wale wa mabandani huku mlimani, wanaokatiwa matete na kukamuliwa asubuhi na jioni, ni chotara wa maziwa. Mgongo wao umenyooka au una kijinundu cha aibu. Akasema hao wa kuchinjwa wengi wanapanda kutoka chini, kutoka kwa wafugaji wa tambarare.

Hilo lilinikumbusha hadithi kongwe ya milima hii. Wasambaa huiita nchi yao ya juu Shambaai, na ile ya chini, ya joto na vumbi, nyika. Ukisimama kwenye jabali la Irente utaziona zote mbili kwa mpigo: nyuma yako migomba na misitu, na mbele yako ukuta wa mlima unaanguka mpaka Mazinde, mashamba ya mkonge, na nyanda zinazopotelea kwenye ukungu wa joto. Kutoka Nguu, kupitia nyika, simulizi zinasema, alikuja Mbegha, mwindaji na mbwa wake, mtoto aliyefukuzwa kwao kwa kuwa ni kigego, meno ya juu yalitangulia kuota. Alikuta huku juu watu wenye migomba na vyakula vya shamba, lakini nyama hawana, na nguruwe mwitu wanawamalizia mazao. Akawaua wale nguruwe, akagawa nyama, akapewa vyakula vya shamba kwa kubadilishana. Akamuua na simba. Mwisho wakamfanya mtawala wao, na kizazi chake, Wakilindi, kikatawala kutoka Vugha. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy ameyaandika kwa urefu katika Habari za Wakilindi, na mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa, aliutilia uzito mkubwa ule ubadilishanaji wa nyama ya nyikani na chakula cha mlimani.

Nyama ya nguruwe mwitu leo isingepita kwenye mlango wa mama mkwe wangu, na hilo nililiruka nilipomsimulia. Lakini biashara yenyewe haijabadilika: nyama inapanda kutoka nyika, chakula cha shamba kinatoka Shambaai. Mtu aliyewapa watu wa mlima huu nyama safi walimpa ufalme. Sijui wangempa nini yule aliyewaletea ya kwenye boksi.

Sasa mkate. Skonzi za dukani zilinishinda mapema. Zina sukari nyingi, zimekauka, na zikikutana na maji ya nyama zinabomoka mkononi. Mke wangu alichukua kazi hiyo, akaumua unga wa ngano kwa maziwa ya jirani, hamira, yai na siagi kidogo. Baridi ya Julai haicheki na hamira. Saa nzima donge lilikaa vilevile, mpaka mama akalifunika na khanga mbili akaliweka karibu na jiko, mahali anapolala paka, naye paka akahamia mlangoni akiwa amenuna. Likaumuka. Tanuri hatuna. Tulizipanga skonzi kwenye sufuria pana na kupalia makaa juu ya kifuniko, moto wa juu na chini, kama wanavyooka mkate wa kumimina. Zilitoka za kahawia juu, laini ndani, na moja upande mmoja imeungua, ambayo kwa mila za nyumba ile ni ya mkwe.

Jibini lilitoka shamba la Irente, lile la Kanisa la Kilutheri lililo njiani kuelekea jabalini, ambako watu wamekuwa wakinunua jibini, mkate na jemu miaka mingi. Masista wa Ubiri nao wanatengeneza. Nitasema wazi: kipande cha jibini la Lushoto kina ladha kuliko zile karatasi za njano zinazouzwa madukani Dar, na kinayeyuka vizuri ukikipa nafasi. Vitunguu, nyanya na saladi vilitoka sokoni, hatua hamsini kutoka bucha.

Viazi vina hila yake huku juu. Napenda chipsi zichemshwe kidogo kabla ya kukaangwa, lakini kwa mwinuko wa Lushoto maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 95 badala ya 100, kwa hiyo muda wa Dar hautoshi, ongeza dakika. Mafuta ya kukaangia hayajali mwinuko.

Tukaja kwenye nyama. Kikaango cha chuma kilikaa juu ya mkaa mpaka moshi ukaanza. Sikutia mafuta, nundu inayo. Nilitengeneza matonge ya kuenea kiganjani bila kuyakanda, nikaliweka la kwanza, nikalibonyeza mara moja kwa kitako cha kikombe cha bati mpaka likawa bapa, nikanyunyiza chumvi na pilipili manga, kisha nikakaa mbali. Kelele yake ilimtoa mama chumbani. Mafuta ya nundu yaliyeyuka yakaanza kuikaanga nyama yenyewe, pembeni pakaanza kuwa na kingo za kahawia, kavu, kama ukoko wa pilau. Ukoko huo ndio ladha yote. Unataka chuma cha moto mkali na nyama isiyo na maji, ndiyo maana ile ya kwenye boksi, iliyojaa barafu, inachemka badala ya kukaangika na kubaki kijivu. Niligeuza mara moja, jibini likaenda juu, skonzi ikakaa juu ya jibini kupata joto.

Iive yote. Sisemi hivi kwa woga wa kiswahili. Steki nzima vijidudu hukaa juu, moto ukigusa vinakufa, lakini nyama ikisagwa kilichokuwa nje kinaingia ndani. Mwaka 1993 Marekani mamia ya watu waliugua na watoto wanne walikufa katika mlipuko uliotokana na baga zisizoiva za kampuni moja kubwa. Wataalamu wanataka nyuzi joto 71 katikati. Tonge lililobonyezwa likawa jembamba hufika huko bila taabu, na kwa sababu ya nundu halikauki. Na isagwe asubuhi, iliwe mchana.

Mama alipewa ya kwanza. Alikataa kijiti cha meno. Aliishika kwa mikono miwili, akauma, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akainama haraka kuyawahi yasiguse khanga. Alitafuna. Akauma tena. Mimi nilikuwa nimesimama na kijiko cha kugeuzia kama askari wa gwaride.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Hii haitaki viungo." Kisha akaongeza, maana ni mama mkwe, "Ila ingekuwa na achari." Tukatia achari ya embe. Alikuwa sahihi.

Hukumu yangu, basi, baada ya hoteli tatu, kibanda kimoja na kilo zaidi ya tatu za nyama: baga bora niliyokula Tanzania niliila kwenye kigoda, Lushoto, na ni vitu vichache tu ndani yake, kama hamira na ile achari, vilivyosafiri kutoka mbali. Nawaomba wenye hoteli za huku juu, ambao najua wanapata taabu ya umeme, mkaa na wageni wenye haraka, wamtume kijana bucha asubuhi badala ya kumtuma kwenye friji. Mashine ya kusagia ya mkono haihitaji umeme, na saladi yenu tayari ni ya kwanza nchini.

Na wewe msomaji, ukipanda Lushoto kwa nia hiyo, usilale. Fika bucha kabla ya saa moja na nusu asubuhi na useme mapema kwamba unataka nundu, kwa sababu wanaoijua ni wengi, na ng'ombe mmoja anayo moja tu.